Tumbo Dogo, Barabara Ndefu

Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi hupimwa njia nzima. Vigwaza linapanda mizani, Mikese linapanda, Makambako linapanda tena. Na likishaziacha nyuma Mbalizi, Mlowo na Vwawa, dereva akianza kunusa mpaka, Mpemba kuna mizani nyingine inamsubiri. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitaki gari lizidi tani 56, na aliyezidisha hulipa. Dereva anaujua uzito wa shehena yake ekseli kwa ekseli. Muulize yeye mwenyewe ana kilo ngapi: atacheka, atajipigapiga kitambi, na kukwambia hiyo ni afya.

Tunduma ni mji wa kusubiri. Mwaka 2019 marais Magufuli wa Tanzania na Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani ili kusubiri kupungue, lakini malori bado hupanga foleni, na anayesubiri hukaa, na anayekaa hula. Chipsi mayai, kitimoto, wali maharage, ugali wa mahindi ya Mbozi ulioumuka kama kofia, soda ya baridi ya kusukumia. Wenyeji nao si watembeaji. Muuza vitenge yuko kwenye kiti chake tangu asubuhi, mbadilisha fedha yuko kwenye kigoda na bunda lake la kwacha, na hata safari fupi ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, mara nyingi ni ya bodaboda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta wanawake 36 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito au wana unene wa kupindukia. Mwaka 2010 walikuwa 22. Huo si mwendo wa lori linalopanda mlima Kitonga. Ni wa linaloteremka.

Si ajabu basi kwamba habari za Mloganzila zimefika mpakani. Tawi hilo la Hospitali ya Taifa Muhimbili, lililo upande wa Kibamba, pembeni ya Barabara ya Morogoro, limekuwa likiweka puto tumboni na kufanya upasuaji wa kupunguza uzito. Aliyeiongoza Muhimbili kuanzia 2022, Profesa Mohamed Janabi, kabla hajachaguliwa mwaka 2025 kuongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, alikuwa amekwisha kuwafanya Watanzania wabishane kuhusu ugali, chai ya asubuhi na idadi ya milo hadi kwenye vijiwe vya bodaboda. Na popote mjadala unapofika kwenye kisu, swali ni lile lile: wakishalipunguza hilo tumbo, si litatanuka tena?

Kabla ya kulijibu, tulisafishe neno lenyewe. Kiswahili kinatupa tumbo moja kwa mambo matatu. Tumbo ni kile kinachotangulia mkanda wa suruali. Tumbo ni mfuko wa chakula ulio ndani. Tumbo ni mimba, ndiyo maana dada akitembea kwa kujishika kiuno tunasema ana tumbo. Hivyo mtu akisikia "wanapunguza tumbo" anaona kitambi kikikatwa kama mafuta ya nyama buchani. Hakuna anayekikata. Mafuta yaliyo chini ya ngozi na yale yanayozunguka ini na utumbo yanabaki pale pale. Mgonjwa anatoka chumba cha upasuaji akiwa na mwili ule ule alioingia nao, pungufu ya kipande cha mfuko kinachoenea kwenye sahani ndogo, au hata bila pungufu hiyo.

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza nitaiita ya ndizi, kwa sababu mfuko unaobaki una umbo la ndizi. Mfuko wa mtu mzima, ukiwa mtupu, umejikunja na hauzidi ngumi. Akila unalegea na kubeba lita moja, hata moja na nusu, bila kulalamika. Daktari anapitisha mpira mwembamba kutoka mdomoni hadi tumboni uwe kipimo, kisha anakata na kushona kando yake, akiondoa kama robo tatu za mfuko hadi sehemu nne kati ya tano. Kinachobaki kinabeba mililita 100 hadi 150, chini ya nusu ya chupa ya soda. Njia ya pili ni ya mchepuko, na watu wa barabara kuu hawahitaji kuelezwa mchepuko ni nini. Juu kabisa ya mfuko kunatengwa kifuko cha mililita 30 hivi, kijikombe cha kahawa ya barazani, na utumbo unaunganishwa nacho moja kwa moja, ili chakula kiupite pembeni mfuko wote wa zamani na mwanzo wa utumbo mwembamba. Madaktari Edward Mason na Chikashi Ito walianza kuifanya kule Iowa, Marekani, katikati ya miaka ya 1960. Ya ndizi haikukusudiwa hata kusimama peke yake. Ilikuwa hatua ya kwanza ya upasuaji mkubwa zaidi, na karibu na mwaka 2000 timu ya Michel Gagner jijini New York iliitenga kwa wagonjwa wazito mno ambao wasingestahimili kazi yote kwa mkupuo. Baadhi yao wakapungua vizuri kwa hatua ile ya kwanza tu, wasiihitaji ya pili. Leo ndiyo inayofanywa kwa wingi kuliko zote duniani.

Puto nitalipita haraka. Ni mpira unaoingizwa ukiwa umenywea, ukajazwa maji ya chumvi humo humo tumboni, kwa kawaida mililita 400 hadi 700, na kutolewa baada ya miezi kama 6 au 12 kulingana na aina yake. Likitoka, mwili unarudishiwa nafasi yake, na wengi hurudisha kilo. Si utapeli, ni tiba ya muda, na anayeichukua kama ya kudumu amejidanganya mwenyewe. Utapeli upo kwingine, kwenye chai na vidonge vya "kukata tumbo" vinavyouzwa sokoni na kwenye simu. Kwenye bidhaa za namna hiyo, nchi mbalimbali zimewahi kukuta sibutramini, dawa iliyoondolewa kwenye soko la Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo.

Sasa swali letu. Ndiyo, hutanuka. Ukuta wa mfuko ni msuli, na msuli unaofanya kazi kila siku haubaki ulivyoshonwa. Baada ya miaka michache ile ndizi huwa nene kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza, na daktari akiwa ameacha kipande cha ile sehemu laini ya juu, hutanuka zaidi. Lakini hata tumbo ambalo halijaguswa na kisu halina kipimo kimoja cha maisha. Allan Geliebter na wenzake, New York, mwaka 1996 walieleza jinsi walivyowapa watu wanene chakula kidogo sana, kalori 600 kwa siku, kwa wiki 4, wakipima nafasi ya tumbo kwa kuingiza puto na kulijaza maji. Nafasi ilipungua kwa zaidi ya robo. Hakuna aliyeshonwa. Kama tumbo linaweza kusinyaa bila mkasi, basi kutanuka kidogo baada ya mkasi hakustahili hofu yote tunayokupa.

Ushahidi ulionifanya niache kuhangaika na ukubwa wa tumbo unatoka Sweden. Mwaka 1987 watafiti wakiongozwa na Lars Sjöström walianza kuwafuatilia maelfu ya watu wanene, waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Waliopasuliwa walipata njia tatu. Wachache mchepuko. Wengine mfuko uligawanywa kwa pini na mkanda, ukabaki na kifuko kidogo juu. Wengine walifungwa pete ya kubana sehemu ya juu ya mfuko. Kwa macho ya mpima ujazo, zote tatu ni jambo moja: kijikombe cha juu, kinachojaa upesi. Baada ya miaka 10, wa mchepuko walikuwa wamepungua asilimia 25 ya uzito wao, wa pini na mkanda asilimia 16.5, na wa pete asilimia 13.2. Vijikombe vilikaribiana, matokeo hayakukaribiana. Kama siri ingekuwa udogo wa kikombe, makundi yale matatu yangetembea pamoja. Njia zile mbili za kubana tu zimekwisha kuachwa, au karibu kuachwa, kwenye hospitali nyingi.

Kinachobadilika ni mazungumzo kati ya tumbo na ubongo. Mwaka 1999 Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa walitangaza homoni waliyoiita ghrelini, inayotengenezwa zaidi na ile sehemu ya juu ya mfuko na kuupigia ubongo kelele ya njaa. Njia ya ndizi huondoa sehemu hiyo hiyo, na kelele hupungua. Upande wa pili, chakula kikifika utumbo mwembamba upesi, utumbo unamwaga homoni za kusema "inatosha" na kuisukuma kongosho itoe insulini. Sindano mpya za kupunguza uzito zinazovuma duniani zinaiga moja ya homoni hizo. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari huweza kuona sukari yake ikishuka siku chache baada ya mchepuko, kabla hajapungua kiasi cha kulegeza nguo.

Lakini mwili una kumbukumbu ya mdai. Uzito hushuka kwa mwaka mmoja, mmoja na nusu, unatulia, kisha sehemu yake hurudi. Hapo ndipo mtu hujishika tumbo na kusema limetanuka. Wafini walilinganisha njia hizi mbili kwa watu 240 waliopasuliwa kati ya 2008 na 2010, na mwaka 2022 wakatoa hesabu ya miaka 10. Waliokatwa ndizi walikuwa wamepoteza, kwa kipimo cha mtu wa katikati, asilimia 43.5 ya uzito uliozidi, wa mchepuko asilimia 50.7. Soma vizuri maneno "uliozidi". Mwanamke wa urefu wa mita 1.60 mwenye kilo 118 amezidi kama kilo 54. Miaka 10 baadaye, kwa hesabu ya ndizi, amepungua kilo 23 na nusu hivi; yuko kwenye 94 na ushee. Hajawa mwembamba, na kwa Tunduma bado ataitwa kibonge. Ila presha huenda imeshuka, magoti yanamruhusu kupanda ngazi, na sukari huenda imeacha kumtawala. Anayeahidiwa kiuno cha msichana wa miaka 20 ameuziwa kitu ambacho kisu hakina. Na ndizi ina deni lake: katika utafiti huo huo, asilimia 31 walikutwa na uvimbe kwenye koo la chakula kutokana na asidi inayopanda, dhidi ya 7 wa mchepuko. Anayeteswa na kiungulia tangu zamani aseme mapema, kabla hajapanda meza.

Tumfikirie sasa mama mmoja wa kubuni, muuza vitenge, aliyepasuliwa Mloganzila na kurudi nyumbani. Kati ya kitanda alicholalia na duka lake kuna kilomita 900 hivi, na barabara ni ile ile moja: hospitali iko mwanzoni, yeye yuko mwishoni. Malori anayopishana nayo yatapimwa Mikese na Makambako. Yeye atapimwa na nani?

Wiki za kwanza anaweza kutapika. Akitapika siku nyingi mfululizo, akiba ya vitamini B1 huisha, na jambo la kawaida la zahanati zetu ni kumtundikia dripu ya glukosi apate nguvu. Kwa mtu huyu glukosi ikitangulia bila B1 inaweza kumuumiza ubongo: macho yanacheza, miguu inayumba, akili inapotea. B1 hutangulia. Sentensi hiyo fupi inafaa kuandikwa kwa kalamu nene kwenye kadi yake, maana muuguzi wa zamu ya usiku hana sababu ya kuikumbuka kwa mgonjwa ambaye huenda ni wa kwanza wa aina yake kumwona. Kwenye kadi hiyo hiyo aliyefanyiwa mchepuko aandikiwe na jingine: akiumwa mgongo asikimbilie diklofenaki ya duka la dawa muhimu, kwani inaweza kumtoboa kidonda pale alipounganishwa.

Kisha vitamini B12. Ini huweka akiba yake ya miaka kadhaa, hivyo upungufu haujitokezi wakati mgonjwa bado anaogopa na kutii. Huweza kuja mwaka wa tatu au wa nne, amekwisha kupendeza, amekwisha kuchoka na vidonge. Ganzi nyayoni. Uchovu. Ulimi unaowaka. Atapimwa malaria, ataambiwa ni umri. Vidonge vya vitamini na madini, chuma na kalisi, na B12 kwa kidonge au sindano, si vya miezi sita. Ni vya maisha, na damu hupimwa kila mwaka. Akiwa bado anazaa, mimba isubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na asitegemee vidonge vya uzazi wa mpango pekee kabla ya kuzungumza na daktari, hasa wa mchepuko.

Mezani ndiko kwenye mapinduzi. Kwetu chakula ni ugali. Vingine vyote, hata nusu kuku, ni mboga. Mtu aliyekula nyama bila ugali anasema hajala. Baada ya upasuaji mpangilio huo unageuka juu chini. Anahitaji gramu 60 hivi za protini kwa siku na nafasi ni finyu, basi anaanza na maharage, yai, dagaa au samaki, na ugali ukipata pa kukaa ukae. Mboga imekuwa chakula, ugali umekuwa mboga. Maji hayanywewi pamoja na mlo. Yanasubiri nusu saa. Tonge hutafunwa hadi ladha iishe. Jaribu kufanya hivyo kwenye sinia la msibani, watu sita wananyoosha mikono, na shangazi anakutazama usoni akikuhimiza: "Kula mwanangu, mbona unachezea chakula?"

Na hapa naiomba radhi methali nzuri. Haba na haba hujaza kibaba ni wosia wa akiba, lakini inaeleza kurudi kwa kilo vizuri kuliko kutanuka kunavyoweza. Tumbo dogo linakataa sahani. Halikatai andazi lililolowekwa kwenye chai, juisi ya miwa, biskuti, asali, soda, kimoja saa tatu, kingine saa tano. Vitu vilaini na vitamu huteleza vikapita bila kumjaza mtu. Pombe nayo baada ya mchepuko huingia kwenye damu haraka na kupanda juu kuliko zamani. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2012 ulikuta matatizo ya ulevi yakiongezeka katika mwaka wa pili baada ya upasuaji. Kwenye mji wenye komoni mchana na bia za aina zote usiku, hili si la kunong'ona.

Kuna na macho ya watu. Mwaka 1985 madaktari waliandika juu ya ugonjwa wa Rakai, Uganda, ambao wenyeji waliuita "slim", kwa kuwa mtu alikonda hadi kuisha. Barabara za malori ziliubeba ugonjwa huo, na miji ya mpakani ilizika. Leo mwenye kumeza dawa za VVU kwa utaratibu hakondi, lakini jicho la mtaa halijasahau. Mama aliyepungua kilo 30 kwa miezi 8, ngozi ya shavu imelegea, anapita mbele ya vibanda, na kimya kinamfuata nyuma. Ili kujinusuru wengine hawatasema walikokwenda. Siri hiyo inawagharimu, kwa maana dada, mume na muuguzi wa jirani hawatajua kwamba huyu hapewi glukosi peke yake, wala asilazimishwe uji wa sukari "apate mwili".

Kwa hiyo, anayenong'oneza kwamba tumbo limerudi ningempeleka kwanza kwenye maswali mengine kabla ya picha ya eksirei ya kupima ujazo. Anakula nini kati ya mlo na mlo? Analala saa ngapi? Ameanza dawa gani mpya? Damu ilipimwa lini? Ujazo ukaguliwe, hasa akitapika au kuungua kifua, kwani wapo ambao upasuaji wa pili huwasaidia. Lakini ni wachache kuliko wanaodhani.

Mama wetu wa vitenge anayo tayari silaha moja: daftari la mikopo. Kushoto majina ya wadaiwa, wa Tunduma kwa shilingi, wa Nakonde kwa kwacha. Kulia, kurasa za nyuma, ameanza safu mpya: tarehe, kilo, sindano. Kupimwa anakwenda kwa wanunuzi wa mahindi, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, alfajiri, anapanda kwenye mizani ya magunia kabla vijana hawajaanza kupakia. Pale hakuna anayemuuliza amekonda kwa nini. Mwezi huu 93 na nusu, mwezi uliopita 92. Sindano inayofuata imeangukia siku ya kuvuka kwenda kudai, naye amekwisha kuihamisha kwa kalamu nyekundu, Jumanne.